Marehemu wa Mazoezi

Watu huniuliza nchi ya Mbeleko iko wapi. Iko mbali, ndugu zangu, mbali sana. Namfahamu bwana mmoja aliyewahi kwenda: alitoka nyumbani kwake, akafunga mlango, akawa ameshafika. Kwa hiyo msihangaike na ramani.

Iliitwa Mbeleko kwa sababu serikali yake ilipenda kusema imewabeba wananchi mgongoni. Wananchi nao hawakubisha, ingawa kila walipotazama chini waliona miguu inayotembea ni ya kwao.

Lakini mipango ilikuwepo, tusiseme uongo. Kulikuwa na Wizara ya Majanga na Sherehe. Zamani zilikuwa wizara mbili, mpaka wataalamu walipokaa hotelini wiki tatu wakagundua kwamba janga na sherehe vyote vinahitaji mahema, viti vya plastiki na kipaza sauti. Wakaziunganisha. Tangu hapo yakitokea mafuriko, watu waliletewa kwaya ndani ya saa moja. Mablanketi yalifuata mwaka wa pili wake.

Wizara hiyo ndiyo iliyoamuru Chuo Kikuu cha Taifa kifanye mafunzo ya usalama na utayari wa dharura. Chuo kilikuwa tayari siku nyingi. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwepo, sita, myekundu, mizuri, imefungiwa stoo. Ilipokuwa ukutani wanafunzi waliizoea, na uongozi ukaona kifaa cha dharura hakitakiwi kuzoeleka. Stoo hiyo nilikuwa naitunza mimi, basi najua ninachosema. Mlango wa dharura nao ulikuwepo katika kila jengo. Ulichomelewa kwa chuma ili wezi wasije wakautumia bila dharura yoyote.

Kilichokosekana ni mafunzo tu. Hayo akakabidhiwa Dakta Mahundi, Mratibu Mkuu wa Utayari, mtu aliyepata udaktari wake kwa utafiti wa kurasa mia nne juu ya filimbi.

Dakta Mahundi alipanga jengo la madarasa liungue. Moto wenyewe hatukuwa nao, maana moto halisi unaombewa kibali miezi sita kabla. Likatengenezwa bango lililoandikwa MOTO kwa rangi nyekundu, akapewa mhadhiri msaidizi wa fizikia alitembeze. Chumba alichoingia nalo kilihesabika kimeungua. Chumba alichokisahau kilihesabika kimeokolewa na kikosi cha chuo.

Majeruhi walipatikana upesi, kumi na wawili, kwa sababu majeruhi waliahidiwa soda. Shida ikawa marehemu. Fomu ya wizara ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Waliofariki", na chini yake, kwa herufi ndogo: "Sifuri haipokelewi." Mafunzo yasiyo na maiti, wizara ilisema, hayana uzito.

Kamati ilikutana mara tisa kumtafuta marehemu. Profesa mmoja wa historia alipoombwa, alivua miwani akaifuta taratibu.

"Mimi ni profesa kamili," alisema. "Tazameni muundo wa utumishi. Kufa kumewekwa ngazi za chini."

Muundo ukatazamwa, ikaonekana ni kweli. Na ngazi ya chini kabisa kuliko zote walikuwepo watu wa usafi, na kati yao Siwema Kilangi.

Siwema alikuwa amesafisha vyoo na kumbi za chuo kile kwa miaka kumi na tisa, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Alishasaini mikataba sabini na sita, na kila mmoja ulisema kwamba bado anaangaliwa kama anafaa. Duniani alitaka kitu kimoja: barua ya ajira ya kudumu. Mwenye barua akiugua anatibiwa, akichoka anapewa likizo, na akipita getini mlinzi anamwita kwa jina lake. Nyonga ya Siwema ilikuwa imeanza kumsumbua. Mganga wa zahanati ya chuo aliiangalia, akamwambia kwa upole kabisa kwamba nyonga za vibarua hazimo kwenye orodha yake.

Dakta Mahundi akamwita ofisini.

"Mama Siwema, taifa linakuhitaji ufe."

"Mimi, Dakta? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ni kufa kwa mazoezi. Dakika ishirini tu, chini ya shuka. Ukishafufuka, barua yako naipeleka mwenyewe kwenye Baraza la Chuo. Neno langu hilo."

Siwema aliomba akafikirie. Alikwenda kufikiria pamoja na Pili Nyange, kama alivyokuwa akifikiria kila kitu. Hao walisafisha jengo moja, wakanywea chai kikombe kimoja, na Pili aliposhikwa na uchungu kwenye ujia wa maktaba, mikono iliyompokea mtoto ilikuwa ya Siwema.

"Wewe mwenzangu unafikiria nini tena?" Pili alimwambia. "Watu wanakufa kila siku bure bure. Wewe unaahidiwa barua, unaleta maringo!"

"Naogopa, Pili. Kujilaza pale nifunikwe, watu wananitazama."

"Nitakaa pembeni yako. Nitakuwa mfiwa wako. Nani ananizidi mimi kwa kulia? Na wakitaka kukuacha hapo, mimi si nipo?"

Siwema akacheka. Kesho yake akaanza kujifunza kufa. Dakta Mahundi alimfundisha mwenyewe, siku nne, kwa filimbi. Mlio mmoja: kata roho. Miwili: usipumue kwa tumbo. "Kufa kunataka nidhamu, Mama," alimwambia. "Ukipiga chafya, umetuharibia takwimu."

Siku ikafika. Mgeni rasmi, yaani waziri mwenyewe, alitarajiwa saa tatu asubuhi. Itifaki ilielekeza kwamba akute kila mtu mahali pake, basi saa tatu kasoro robo kila mtu akawekwa mahali pake. Jengo likaungua kwa bango. Majeruhi wakalazwa juani. Siwema akalala kwenye nyasi, akafunikwa shuka jeupe la stoo alilolisainia mwenyewe kwangu asubuhi ile, na Pili akapiga magoti ubavuni kwake na leso yake.

Saa nne, waziri hajafika. Saa sita, waziri yuko njiani. Majeruhi wawili walizimia kwa jua, wakaonywa wasichanganye mambo. Mhadhiri wa fizikia alichoka, akauegemeza moto kwenye mti, akalala. Watoa huduma ya kwanza walikuwa kwenye foleni ya soda. Na Siwema, chini ya shuka, kwa uchovu wa miaka kumi na tisa na ubaridi wa nyasi, alipitiwa na usingizi mzito sana, ambao pengine ndio ulikuwa likizo yake ya kwanza.

Saa nane mchana zikaingia pikipiki nne, magari kumi na moja, na Mheshimiwa Balozi Mhandisi Ndolwa, Waziri wa Majanga na Sherehe. Siku hiyo alishahudhuria harusi mbili na uzinduzi wa kisima. Ratiba ya chuo alikuwa nayo msaidizi wake, na msaidizi alikuwa kwenye gari la nyuma, na gari la nyuma lilikuwa limekosea njia.

Waziri alishuka, akatembea kidogo, akasimama mbele ya shuka.

"Huyu vipi?"

"Marehemu, Mheshimiwa," alijibu Dakta Mahundi, kama fomu ilivyotaka.

"Nani?"

"Siwema Kilangi, Mheshimiwa. Mtumishi wa usafi."

Waziri akavua kofia. Midomo ikaanza kumtetemeka. Alipiga magoti mavumbini, na suti yake, mbele ya kamera za televisheni ya taifa, akalia. Alilia vizuri. Nimeshaona watu wengi wakilia maishani, lakini yule ilionekana wazi kwamba amesomea. Kisha akaletewa kipaza sauti.

"Wananchi wa Mbeleko! Leo taifa limepoteza nguzo. Nasema nguzo! Wapo wanaopita wakisema serikali haiwajali wanyonge. Waje hapa! Waone serikali inavyomlilia mnyonge, hadharani, saa nane mchana, bila mwavuli!"

Makofi.

"Marehemu Siwema nilimfahamu vizuri. Tulifanya naye kazi kwa karibu."

Makofi zaidi. Palepale akampigia simu Mkuu wa Nchi, na Mkuu wa Nchi palepale, akiwa mezani, akatangaza bendera zishushwe nusu mlingoti siku tatu.

Kwa kelele hizo Siwema akaamka. Sisi tuliokuwa karibu tulisikia kila kitu.

"Pili."

"Tulia."

"Mbona natajwa tajwa?"

"Waziri anakusifia."

"Ananisifia nini?"

"Kwamba umekufa."

"Si walisema dakika ishirini? Mwambie basi niko hai."

"Nimwambie mimi? Mimi nani?"

"Pili, mimi nainuka."

"Tulia, mwenzangu! Waziri analia!"

Shuka likaanza kuinuka upande wa kichwani. Pili akajitupa juu yake kwa kifua na mikono miwili, akapiga yowe ambalo halijapata kusikika katika chuo kile. Watu wakasema, masikini, anampenda mwenzake. Mikono ile niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa imembana mabega.

Tulikuwa watu mia tatu uwanjani, na wote tulijua. Dakta Mahundi alifungua kinywa. Makamu Mkuu wa Chuo akamkanyaga mguu, Dakta akakifunga. Mimi nilijua kuliko wengi, maana shuka ni langu. Tukaombwa kusimama kimya dakika moja kumkumbuka marehemu, tukasimama. Siwema naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, alinyamaza dakika hiyo nzima.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Dakta Mahundi, gazeti mkononi, picha yake ukurasa wa kwanza.

"Dakta, nimekuja mnirekebishe."

"Mama Siwema..." Dakta akajishika mdomo. "Samahani. Sitakiwi kukuita hivyo."

"Sasa uniite nani?"

"Hilo bado linajadiliwa. Kaa. Au simama, maana nikikukaribisha kiti itaonekana nimekutambua. Elewa hivi: waziri amelia. Kulia kwa waziri ni tendo la serikali. Sheria ya kulifuta hatuna. Tukisema u hai, tumesema Mheshimiwa amelilia shuka. Na Mkuu wa Nchi ameshusha bendera kwa ajili ya shuka. Unataka nchi ichekwe?"

"Na barua yangu?"

Dakta Mahundi akaweka mkono kifuani. "Barua iko palepale. Mimi ni mtu wa ahadi."

Ikabidi pawepo mazishi ya kitaifa. Jeneza liliagizwa zuri, lakini jepesi, na wapiga gwaride wakalalamika kwamba wanaonekana kama wamebeba sanduku la viatu. Nikaletewa hati ya kutoa vifaa. Nikatoa mitungi yote sita ya kuzimia moto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona ikitumika. Ikalazwa ndani ya jeneza, ikavikwa bendera, ikapigiwa mizinga. Wakati wa kushushwa, mmoja ukagonga mwenzake ukafunguka, jeneza likaanza kupiga mluzi na kutoa povu jeupe kwenye pembe zote nne. Askofu na shehe wakarudi nyuma pamoja, hatua sawasawa. Kwaya ikaongeza sauti. Gazeti la serikali liliandika kwamba marehemu alikuwa mtu wa usafi hadi mwisho.

Siwema alikuwepo, safu ya tatu, amejitanda kanga, analia. Mama mmoja asiyemjua akamshika bega.

"Pole, mama. Ni ndugu yako?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Najua, najua. Uchungu ukizidi, unajiona ni wewe."

Ndipo Makamu Mkuu wa Chuo akatoa bahasha mfukoni, akaisoma kwa sauti. Baraza la Chuo, kwa kutambua mchango wake, lilikuwa limempa Siwema Kilangi ajira ya kudumu, kuanzia saa nane mchana ya siku aliyofariki hadi saa nane mchana ya siku hiyohiyo. Baraza lilimshukuru kwa utumishi wake katika cheo hicho. Nafasi aliyoiacha wazi ingejazwa na mtumishi aliyekuwa karibu naye, baada ya taratibu kukamilika.

Nilimwona Pili akiacha kulia. Si kwamba alifurahi, hapana, nisimsingizie. Aliacha tu, kama mtu aliyeitwa kwa mbali.

Siwema hakukata tamaa. Alisikia kwamba Mbeleko ina Kamati ya Kuchunguza Madai ya Uhai, akaiandikia. Kamati, watu saba na mabirika mawili ya chai, ilimsikiliza kwa heshima kubwa.

"Una uthibitisho gani kwamba u hai?" mwenyekiti aliuliza.

"Si mnaniona? Nazungumza nanyi."

"Mama, tukiamini kila anayezungumza hatutamaliza kazi. Unaye shahidi?"

Siwema akakaa sawa kwenye kiti, kwa mara ya kwanza tangu bendera ziliposhushwa. "Ninaye. Mwiteni Pili Nyange. Mkimwita Pili, mambo yamekwisha."

Aliitwa. Aliingia na viatu vipya, amebana mkoba kwapani. Siwema akamtabasamia kama mtu anayesubiri kupokelewa mzigo.

"Bi Pili," mwenyekiti akasema, "unamfahamu mama huyu?"

Pili alitazama dirisha. Akatazama birika. Mwisho akamtazama Siwema, si usoni, kidogo chini ya hapo, kwenye kola.

"Anafanana naye," akasema.

"Anafanana naye, au ndiye?"

"Marehemu alikuwa mrefu kidogo."

Mtu wa kumbukumbu akaandika: mrefu kidogo.

"Pili!" Siwema alisema. "Pili, mimi? Mwanao alilia mara ya kwanza mikononi mwangu!"

"Marehemu alikuwa mpole," Pili akasema. "Hakuwa mtu wa kupiga kelele ofisini."

Mtu wa kumbukumbu akaandika hilo pia. Kisha Pili akaletewa kalamu. Nasikia sahihi ilipinda. Lakini kamati ilikuwa na uzoefu na sahihi zilizopinda, ikaipokea. Msituulize sisi wengine mia tatu tulikuwa wapi. Hatukuitwa. Na wasioitwa Mbeleko hawaendi. Ndiyo adabu yetu.

Chuo kilipewa Kombe la Utayari mwaka ule. Dakta Mahundi alipandishwa cheo akaenda kufundisha nchi nzima jinsi ya kufa. Pili akapata barua, akawa msimamizi wa usafi, na mlinzi wa getini akaanza kumwita Bi Pili.

Vyoo tu ndivyo vilivyokwama. Jengo la madarasa halikuwa limewahi kusafishwa na mtu mwingine kama alivyolisafisha Siwema, na baada ya miezi miwili wanafunzi walianza kuingia darasani wamefunga pua. Tangazo la kibarua likabandikwa. Siwema naye alikuwa na tumbo la kulisha, maana hilo halikuwa limezikwa, akaja akapanga foleni.

"Jina?" karani aliuliza.

"Siwema Kilangi."

"Hilo limeshatumika, mama. Huna lingine?"

Alifikiri muda mrefu, foleni ikaanza kunung'unika nyuma yake. Mwisho akatoa jina la mama yake mzazi, Mwanamvua. Akasaini mkataba wa miezi mitatu, uliosema kwamba anaangaliwa kama anafaa. Sasa ulikuwa mkataba wake wa kwanza.

Kwa utaratibu wa chuo, kibarua mpya hutembezwa jengoni na msimamizi. Nilikuwa ujiani siku hiyo napeleka sabuni, nikawaona wakija, Pili mbele na rundo la funguo, yule mwingine nyuma yake anachechemea kwa nyonga. Waliingia vyoo vya ghorofa ya kwanza. Pili akachungulia nje, asinione, akauvuta mlango. Haukufunga vizuri, milango ya kule haifungi.

Nilisikia funguo zikianguka sakafuni, na hazikuokotwa.

"Siwema," Pili akasema, na sasa alikuwa analia kile kilio chake halisi, ambacho hakina sauti nzuri. "Siwema, dada yangu, walinitisha. Niliwaza watoto. Silali. Nisamehe, mwenzangu. Nipige ukitaka, lakini sema umenisamehe."

Yule mwingine aliinama, akaokota ndoo, akaigeuza kuangalia kama inavuja.

"Bi msimamizi," akasema kwa adabu, "huyo Siwema mnayemtaja nasikia mlimzika. Mimi naitwa Mwanamvua, nimeanza kazi leo, sina ninachokijua. Nioneshe tu maji yanachotwa wapi."